Kupima umbali kati ya mipasuo ya gretingi: leza na skrini, spektromita au hadubini?

Gretingi ya difraksheni ni kipande cha kioo au cha plastiki kilichochorwa mistari mingi sana iliyo sambamba, ili mwanga upenye katika mipasuo iliyo kati ya mistari hiyo na kutokea upande wa pili ukiwa umegawanyika katika pembe maalumu. Kipimo kinachoitambulisha gretingi ni kimoja tu, nacho ni umbali d kutoka katikati ya mpasuo mmoja hadi katikati ya mpasuo unaofuata. Watengenezaji kwa kawaida hawauandiki umbali huo wenyewe. Huandika idadi ya mistari kwa milimita, kama vile 100, 300 au 600, na anayetaka d hugawa milimita moja kwa idadi hiyo: mistari 300 kwa milimita ni maikromita 3.333, na mistari 600 ni maikromita 1.667. Namba hiyo ya kwenye lebo, hata hivyo, ni ya kukadiria. Gretingi nyingi za kufundishia ni nakala za plastiki zilizotolewa kwenye gretingi mama, lebo hubanduka, na mara nyingine gretingi mbili hubadilishana visanduku pasipo mtu kujua. Anayetegemea d katika hesabu zake hana budi kuipima mwenyewe.

Njia zinazotumika zaidi ni tatu, na kuna nyingine mbili zisizotajwa mara nyingi ambazo katika mazingira fulani huzishinda zote. Wanaolinganisha njia hizi huanza kwa kuuliza kifaa kipi ni bora, na jibu linalozoeleka ni kwamba spektromita ni bora kwa sababu inasoma pembe kwa usahihi mkubwa. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Swali la kuanzia ni hili: kati ya urefu wa wimbi la mwanga utakaoutumia na pembe utakayoipima, ni kipi unachokijua vibaya zaidi? Njia nzuri ni ile inayokiboresha hicho, na kulipia usahihi wa kile kingine ni kupoteza muda.

Hesabu inayoamua

Mwanga wenye urefu wa wimbi λ ukiangukia gretingi kwa pembe ya nyuzi 90 na uso wake, miale inayotoka hukusanyika katika pembe θ zinazotimiza mlinganyo d sin θ = nλ, ambapo n ni daraja: sifuri kwa mwale unaopita moja kwa moja, 1 kwa mwale wa kwanza wa kila upande, 2 kwa unaofuata, na kuendelea. Kwa hiyo d ni nλ iliyogawanywa kwa sin θ, na shaka iliyomo katika d ina vyanzo viwili. Shaka ya urefu wa wimbi huingia kama ilivyo: ukikosea λ kwa asilimia 1, umekosea d kwa asilimia 1, na hakuna ustadi wa kupima pembe utakaokuokoa. Shaka ya pembe, kwa upande wake, huzidishwa na cot θ (yaani 1/tan θ), kipengele ambacho ni kikubwa sana pembe ikiwa ndogo na hushuka hadi 1 pembe inapofika nyuzi 45. Dakika moja ya nyuzi (sehemu ya 60 ya nyuzi moja) ikikosewa kwenye pembe ya nyuzi 20.7 huleta kosa la asilimia 0.08 katika d. Ikikosewa kwenye nyuzi 45, kosa ni asilimia 0.03, na ikikosewa kwenye pembe isiyofika hata nusu nyuzi, kosa huvuka asilimia 3.

Jambo moja la kihistoria linafaa kukumbukwa hapa, kwa kuwa linaonyesha kuwa mlinganyo huu husomwa kutoka pande zote mbili. David Rittenhouse, aliyetengeneza gretingi ya nywele mwaka 1785, na Joseph von Fraunhofer, aliyetumia nyaya nyembamba mwaka 1821, walipanga nywele na nyaya hizo katika mikato ya skrubu, hivyo umbali kati yake ulitokana na skrubu yenyewe. Fraunhofer alianza na d aliyoijua akatafuta urefu wa mawimbi. Sisi tunarudi kwa njia ileile kinyumenyume: mawimbi yamekwisha kupimwa kwa usahihi mkubwa, na kisichojulikana ni gretingi iliyo mkononi.

Leza na skrini

Njia hii huhitaji leza, gretingi, ukuta au skrini bapa, na utepe wa kupimia. Mwale wa leza hupitishwa katika gretingi, madoa huonekana kwenye skrini, na mpimaji hupima umbali L kutoka gretingi hadi skrini na umbali x kutoka doa la katikati hadi doa la daraja analolitaka. Pembe hupatikana kwa tan θ = x/L.

Tuchukue mfano wa gretingi ya mistari 600 kwa milimita na leza ya heliamu na neoni, ambayo urefu wake wa wimbi ni nanomita 632.8. Skrini ikiwa mita 2 kutoka gretingi, madoa mawili ya daraja la kwanza, la kushoto na la kulia, huwa na umbali wa karibu mita 1.64 kati yake. Umbali huo ukipimwa kwa shaka ya milimita 2, na L kwa shaka ya milimita 3, shaka inayoingia katika d ni takriban asilimia 0.16, yaani d ni maikromita 1.667, ikizidi au kupungua kwa 0.003. Hayo ni matokeo ya utepe wa kawaida na penseli. Mtu aliyezoea kuidharau njia hii kuwa ni ya maonyesho tu afanye hesabu hiyo mwenyewe kabla ya kuagiza kifaa kingine.

Udhaifu wake hauko kwenye utepe. Uko kwenye leza. Leza nyingi za bei nafuu zenye mwanga mwekundu ni za diodi, na lebo yake husema nanomita 650 huku mwanga wenyewe ukiweza kutofautiana na namba hiyo kwa nanomita kadhaa, na kusogea kwa takriban nanomita 0.2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Shaka ya nanomita 10 juu ya 650 ni asilimia 1.5, karibu mara kumi ya shaka yote ya utepe. Mtu aliyetumia leza ya namna hiyo kisha akaandika d kwa tarakimu nne ameandika tarakimu mbili za bure. Leza ya heliamu na neoni haina tatizo hilo, kwa sababu urefu wake wa wimbi unaamuliwa na atomi za neoni. Leza ndogo za kijani nazo huwa za aina mbili. Zile zinazopata kijani kwa kugawa kwa mbili urefu wa wimbi wa nanomita 1064 hutoa nanomita 532 na hukaa hapohapo. Nyingine ni diodi za kijani zinazotoa takriban 515 hadi 520, nazo zina udhaifu uleule wa diodi nyekundu. Kwa hiyo, ajabu ya mambo, leza ya kijani ya aina ya kwanza inaweza kuwa kipimo bora kuliko leza nyekundu inayolingana nayo kwa bei, mradi mpimaji ajue kwamba baadhi yake huvujisha miale ya infraredi isiyoonekana na yenye kudhuru jicho.

Makosa mengine ya njia hii yanazuilika. La kwanza ni kutumia x/L badala ya sin θ, jambo linaloruhusiwa kwa pembe ndogo sana tu. Kwa gretingi ya mistari 300 na mwanga wa nanomita 650, mkato huo hukosesha d kwa karibu asilimia 2; kwa gretingi ya mistari 600 kosa hukaribia asilimia 8, na kwa daraja la pili la gretingi hiyohiyo huvuka theluthi nzima. Kikokotoo kipo, hakuna sababu ya kukata njia.

La pili ni kuinama kwa gretingi. Gretingi ikiwa imegeuka nyuzi 2 tu kutoka mkao wake sahihi, na mpimaji akatumia doa la upande mmoja pekee, d yake itakosewa kwa karibu asilimia 0.7. Akipima pande zote mbili na kutumia wastani, sehemu kubwa ya kosa hilo hujifuta, kwa kuwa pembe ya upande mmoja huongezeka kwa karibu kiasi kilekile ambacho ya upande wa pili hupungua. Mkao wenyewe hukaguliwa kwa kutazama mwale unaoakisiwa na uso wa gretingi kurudi kwenye leza: leza ikiwa sentimita 50 kutoka gretingi, na doa lililorudi likaangukia ndani ya milimita 5 kutoka tundu la leza, gretingi haijainama zaidi ya takriban nyuzi 0.3. Wakati wa ukaguzi huo macho yasiwe kwenye kimo cha mwale, na leza isiyozidi miliwati 1 inatosha kabisa kwa kazi hii.

Kuna pia suala la mahali L inapoanzia. Huanzia kwenye uso wenye mistari. Fremu ya plastiki inayoshika gretingi huweza kuwa na unene wa milimita kadhaa, na katika L ya mita 1 milimita 5 ni asilimia 0.5. Ndiyo maana skrini ya mbali husaidia: haiongezi ukubwa wa pembe, bali hupunguza uzito wa milimita zilizokosewa.

Spektromita

Spektromita ina kolimata inayotoa mwanga sambamba kutoka kwenye mwanya mwembamba, meza ya kuweka gretingi, na darubini inayozunguka juu ya duara lenye nyuzi na venia, yaani kipimo kidogo cha pembeni kinachosoma sehemu za kigawanyo kimoja cha duara. Venia za kawaida husoma hadi dakika moja ya nyuzi. Chanzo cha mwanga huwa taa ya sodiamu au ya zebaki.

Wengi huisifu spektromita kwa duara lake. Mimi naona ubora wake mkubwa uko kwenye taa. Mistari miwili ya njano ya sodiamu ina urefu wa mawimbi wa nanomita 589.0 na 589.6, mstari wa kijani wa zebaki ni 546.1, na ule wa buluu ni 435.8, namba hizi ni za atomi zenyewe, hazitegemei kiwanda wala joto la chumba. Katika spektromita shaka ya λ inakaribia kutoweka, na inayobaki ni ya pembe, ambayo duara linaishughulikia vizuri. Kwa gretingi yetu ya mistari 600, wastani wa mistari miwili ya sodiamu huonekana kwenye nyuzi 20.7 katika daraja la kwanza na karibu kabisa na nyuzi 45 katika daraja la pili. Mtu akisoma darubini kushoto na kulia kwenye daraja la pili, kisha akagawa tofauti kwa mbili, anaweza kuijua d kwa shaka ndogo kuliko asilimia 0.05, kiwango ambacho utepe na ukuta hukifikia kwa tabu sana.

Hapo hapo hujitokeza jambo linalowashangaza wanaoanza. Katika daraja la kwanza mistari miwili ya sodiamu imeachana kwa dakika 1.3 tu na mara nyingi huonekana kama mstari mmoja mnene. Katika daraja la pili huachana kwa dakika 3.5, na jicho huona wazi mistari miwili. Anayelenga mmoja wao huku akitumia wastani wa 589.3 katika hesabu ameingiza kosa la asilimia 0.05 kwa mkono wake mwenyewe, sawa na usahihi wote aliokuwa akiutafuta. Achague mstari, aandike ni upi, na atumie urefu wa wimbi wa huo.

Gharama ya usahihi huu ni maandalizi. Darubini lazima kwanza ilenge kitu cha mbali sana hadi kionekane bila ukungu, kisha kolimata irekebishwe mpaka mwanya uonekane mkali ndani ya darubini hiyo. Gretingi nayo huwekwa kwa pembe mraba na mwanga kwa utaratibu ufuatao: darubini huzungushwa nyuzi 90 kutoka mwale wa moja kwa moja, meza huzungushwa mpaka taswira ya mwanya iliyoakisiwa na uso wa gretingi iangukie kwenye msalaba wa darubini, halafu meza hugeuzwa nyuzi 45 kamili. Taa ya sodiamu nayo huhitaji dakika kadhaa kabla ya kutoa njano yake. Mwanzoni huwaka kwa wekundu wa neoni, na asiyejua huanza kupima mistari isiyohusika. Taa ya zebaki ni ya haraka zaidi na hutoa mistari kadhaa kwa mara moja, hivyo mpimaji anaweza kuchora grafu ya sin θ dhidi ya nλ na kupata 1/d kama mteremko wa mstari mnyoofu. Grafu hiyo ina faida moja kubwa: usomaji uliokosewa hujitenga na mstari na kujionyesha wenyewe.

Na usomaji hukosewa. Duara nyingi zimegawanywa kwa nusu nyuzi, na venia yenye vigawanyo 30 husoma dakika 0 hadi 29 zinazoongezwa juu ya nusu hiyo. Alama ya sifuri ya venia ikiwa imevuka nusu nyuzi na msomaji akaisahau, dakika 30 nzima zimepotea. Hata baada ya kugawa kwa mbili zinabaki dakika 15, ambazo kwenye nyuzi 20.7 ni kosa la zaidi ya asilimia 1 katika d. Spektromita iliyosomwa vibaya, kwa maneno mengine, ni mbaya kuliko utepe uliosomwa vizuri, na ubaya wake umejificha, kwa sababu matokeo yameandikwa kwa dakika na yanaonekana ya kuaminika. Inafaa kusoma venia zote mbili zinazokabiliana: hilo huondoa kosa la duara lisilozunguka katikati yake hasa, na pia humlazimisha msomaji kusoma mara mbili.

Tofauti nyingine haisemwi mara nyingi. Mwale wa leza una upana wa takriban milimita moja, hivyo katika gretingi ya mistari 600 hugusa mipasuo mia chache tu na kupima d ya mahali hapo. Mwanga wa kolimata huenea juu ya sehemu kubwa ya gretingi na kutoa wastani. Anayeshuku kwamba nakala ya plastiki imevutika upande mmoja atapata habari zaidi kwa kuisogeza gretingi kidogo kidogo mbele ya leza kuliko kwa spektromita nzuri kiasi gani.

Hadubini

Hadubini ina jambo ambalo njia mbili zilizotangulia hazina: haihitaji urefu wa wimbi wala mlinganyo. Mistari huonekana, na huhesabiwa dhidi ya kipimo kilichochorwa kwenye slaidi, kwa kawaida milimita moja iliyogawanywa sehemu 100 za maikromita 10. Pia ni njia pekee kati ya hizi inayoonyesha moja kwa moja tofauti kati ya umbali wa mipasuo na upana wa mpasuo, vitu ambavyo wanafunzi huvichanganya kila mara.

Kwa lenzi ya mara 40 na kijicho cha kawaida, uwanja unaoonekana una upana wa karibu milimita 0.45, unaobeba nafasi 45 za gretingi ya mistari 100. Kamwe mtu asipime nafasi moja. Ahesabu zote zinazoingia uwanjani, agawe. Akikosea theluthi moja ya nafasi kwenye kingo, shaka yake ni karibu asilimia 0.7, na hiyo ndiyo hali ya hadubini: mara chache hushuka sana chini ya asilimia 1, lakini hupatikana bila kutegemea dhana yoyote kuhusu mwanga. Kwa anayetaka kujua tu kama lebo inasema 100 au 300, inatosha na kuzidi.

Kwa gretingi ya mistari 600 mambo hubadilika kwa namna inayofaa kutazamwa kwa makini. Weka lenzi ya mara 10 ambayo ubavuni imeandikwa namba ya upenyo 0.25 (yaani sin ya pembe kubwa kabisa ya mwanga ambayo lenzi huipokea), kisha funga kiwambo cha kondensa, lenzi ya chini inayomulika slaidi, mpaka mwanga uingie ukiwa umenyooka. Uwanja unakuwa mweupe, hauna mstari hata mmoja, ingawa lenzi imerekebishwa sawasawa isiwe na ukungu. Sababu ni kwamba mwanga wa nanomita 550 unaotoka katika mipasuo ya maikromita 1.667 hupinda kwa sin θ ya 0.33, pembe ambayo lenzi hiyo haiwezi kuipokea. Mwale wa daraja la kwanza hupita nje, na bila huo taswira haina habari za mistari. Ukifungua kondensa, miale ya mshazari huingia, daraja la kwanza la baadhi yake hupenya katika lenzi, na mistari hujitokeza. Hivyo ndivyo Ernst Abbe alivyoeleza mwaka 1873 namna hadubini inavyounda taswira. Kwa upimaji, maana yake ni fupi: kwa mistari 600 tumia lenzi ya mara 40 yenye namba ya upenyo 0.65 au zaidi, na kwa mistari 1200 na kuendelea hadubini ya kawaida iachwe.

Njia mbili zinazosahaulika

Ya kwanza ni kulinganisha. Ukiwa na gretingi moja ambayo d yake unaijua kwa hakika, pitisha leza ileile katika zote mbili, moja baada ya nyingine, bila kusogeza leza wala skrini. Urefu wa wimbi hujifuta katika hesabu: d ya gretingi isiyojulikana ni d ya ile inayojulikana ikizidishwa kwa sin θ ya ile inayojulikana na kugawanywa kwa sin θ ya ile isiyojulikana. Diodi nyekundu iliyolaumiwa hapo juu haina tena kosa, mradi vipimo vifuatane haraka kabla joto lake halijabadilika, na madoa yawe ya daraja lilelile. Kwa maabara yenye gretingi nyingi na spektromita moja, huu ndio mpango ninaoupendelea: gretingi moja ipimwe kwa spektromita kwa uangalifu wote, nyingine zote zilinganishwe nayo kwa leza.

Ya pili ni mkao unaojulikana kwa jina la Littrow. Gretingi inayoakisi huzungushwa mpaka mwale wa daraja la kwanza urudi moja kwa moja kwenye leza, na hapo mlinganyo huwa 2d sin θ = nλ, θ ikiwa pembe ambayo gretingi imezungushwa kutoka mahali ambapo mwale wa daraja sifuri ulirudi wenyewe. Skrini wala L havihitajiki. Kinachohitajika ni meza ya kuzungusha yenye usomaji mzuri. Maabara za vipimo sanifu hutumia mkao huu kusahihisha gretingi za rejea, zikiwa na leza zenye mawimbi yaliyothibitishwa.

Ipi kwa gretingi ipi

Kwa gretingi ambayo mipasuo yake imeachana sana, mpangilio wa kawaida wa ubora hupinduka. Mistari 10 kwa milimita hutoa d ya maikromita 100, na daraja lake la kwanza kwa nanomita 632.8 liko kwenye nyuzi 0.36 tu, huko ndiko dakika moja ya spektromita inakuwa kosa la asilimia 4.6. Skrini ikiwekwa mita 5, madoa ya daraja la 10 la kushoto na la 10 la kulia huachana kwa sentimita 63, na shaka ya milimita moja katika umbali huo ni asilimia 0.16. Anayepima hivyo awe mwangalifu katika kuhesabu madoa, kwa kuwa mpasuo wenye upana wa nusu ya d hufuta madaraja yote shufwa: doa la pili kuonekana huwa la daraja la tatu, na dalili yake ni nafasi iliyo mara mbili ya ile ya kwanza. Hadubini pia hufaa sana hapa, na kwa anayetilia shaka hesabu yake ya madoa, dakika chache za hadubini humaliza mabishano.

Kuanzia mistari 300 hadi 600, anayehitaji asilimia 0.2 na ana leza ya heliamu na neoni hana haja ya spektromita. Anayehitaji asilimia 0.05, au hana chanzo kingine cha mwanga wa uhakika isipokuwa taa ya sodiamu au zebaki, aende kwenye spektromita na akubali saa ya maandalizi. Mwenye diodi nyekundu peke yake aandike matokeo yake kwa asilimia 1 au 2, au atafute gretingi ya kulinganishia.

Santuri za mwanga ni gretingi pia, na zinapimika kwa kuakisi. Mikondo ya data kwenye CD imeachana kwa maikromita 1.6, hivyo CD hufanana sana na gretingi ya mistari 600, na leza na skrini huimudu. DVD ina maikromita 0.74: mwanga wa nanomita 650 ukiipiga kwa pembe mraba hutoa daraja la kwanza kwenye nyuzi 61, doa huangukia mbali ukutani, daraja la pili halipo kabisa, na skrini iliyopindwa kufuata duara ni rahisi kuliko ukuta. Blu-ray, yenye maikromita 0.32, haitoi daraja la kwanza kwa leza nyekundu katika mkao wowote, kwa sababu 650 ni zaidi ya mara mbili ya 320. Leza ya zambarau ya nanomita 405 nayo haitoi kitu ikiipiga kwa pembe mraba, ila katika mkao wa Littrow mwale hurudi santuri ikigeuzwa nyuzi 39.3, na hiyo ndiyo njia pekee kati ya zilizotajwa hapa itakayompa mpimaji namba.